Kawia Ufike: Yai Lisipopevuka kwa Wakati Wake



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo linaloumiza nyumba nyingi kimya kimya, nalo ni kuchelewa kupata mtoto. Sababu zake ni nyingi na haziwezi kuenea katika ukurasa mmoja. Tutaeleza moja tu ambayo mara nyingi haitambuliwi: yai la mwanamke kutopevuka kwa wakati wake.

Mama mmoja wa hapa Chang'ombe, fundi cherehani, alikuja kwetu akiwa na kikapu. (Tumebadilisha mambo machache ili asitambulike.) Alikuwa na miaka 29, na minne kati ya hiyo alikuwa katika ndoa. Ndani ya kikapu mlikuwa na mizizi iliyofungwa kwa kamba, chupa ya dawa ya maji, vidonge vya kuweka ukeni alivyoambiwa vinasafisha kizazi, na vidonge vingine alivyonunua dukani bila cheti cha daktari. Tulimwuliza hedhi yake huja mara ngapi kwa mwaka. Akafikiri, akasema, "Mara nne, labda tano." Kisha akatuambia kuwa tangu aolewe watu wote wamemwuliza ana miaka mingapi kwenye ndoa, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Jibu lake lilikuwa limebeba nusu ya maelezo ya shida yake.

HALI HII NI NINI?

Mwanamke ana ovari mbili, kila moja upande mmoja wa mji wa mimba. Humo ndimo mayai yanamohifadhiwa, kila yai ndani ya kifuko chake kidogo. Kila mwezi homoni kutoka tezi iliyo chini ya ubongo huamsha vifuko kadhaa. Kimoja hukua kuliko vingine, hupevuka, hupasuka na kuachia yai. Yai lisipokutana na mbegu ya mwanamume, baada ya wiki mbili hivi hedhi hufika.

Kwa baadhi ya wanawake vifuko vingi huanza kukua lakini hakuna kinachotangulia. Vyote husimama njiani. Yai halitoki, na hedhi haiji au huja ikipenda. Madaktari huiandika hali hii kwa herufi PCOS, na kwa lugha yetu tunaweza kuiita hali ya vifuko vingi kwenye ovari.

Mkulima wa Dodoma ataelewa haraka. Mbegu zipo ghalani, tena nyingi. Shida ni mvua. Mwanamke anayepevusha yai kila mwezi ana nafasi 12 au 13 za kupata mimba kwa mwaka. Anayepevusha mara 4 ana nafasi 4, na hazitabiriki. Huyo si tasa. Ni mtu ambaye misimu yake ni michache.

Chanzo chake hakijulikani chote, ila mambo mawili huonekana pamoja. La kwanza ni homoni za kiume. Kila mwanamke anazo kidogo, lakini hapa huzidi. La pili ni insulini, ile homoni inayosaidia mwili kutumia sukari. Kwa wengi wenye hali hii insulini haifanyi kazi vizuri, hivyo mwili hutengeneza nyingi zaidi, nayo ikizidi huisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume zaidi. Pia hali hii huonekana katika koo. Ukiwa nayo, huenda dada yako au shangazi yako anayo. Haitokani na laana, wala na dhambi ya ujanani, wala na jicho la jirani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba wengi wao, hata kufikia 70 katika kila 100, hawajawahi kuambiwa kuwa wanayo.

JINSI YA KUITAMBUA

Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana kuwa mwanamke atahesabiwa kuwa na hali hii akiwa na mambo mawili kati ya haya matatu:

(a) Hedhi isiyo na mpangilio. Kwa mtu mzima ni hedhi inayokuja kabla ya siku 21, au baada ya siku 35, au chini ya mara 8 kwa mwaka.

(b) Dalili za homoni za kiume: ndevu kidevuni, nywele kifuani au tumboni, chunusi zisizokwisha, nywele za utosini kupungua. Au kipimo cha damu kionyeshe homoni hizo zimezidi.

(c) Vifuko vingi vidogo kwenye ovari vinavyoonekana kwa altrasaundi.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeshikilia utaratibu huo, na umeongeza kuwa kwa mwanamke mtu mzima kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH kinaweza kutumika badala ya picha. Umesema pia kuwa mwenye hedhi isiyo na mpangilio na dalili za homoni za kiume hahitaji picha ili kutambuliwa. Hili ni jambo jema kwa mama wa kijijini aliye mbali na mashine. Daftari lake la tarehe za hedhi na macho ya mwuguzi makini vinaweza kuanza kazi.

Hata hivyo daktari ataondoa kwanza sababu nyingine za hedhi kupotea: mimba yenyewe, ugonjwa wa tezi ya shingo, na kuzidi kwa homoni ya maziwa. Atapima pia sukari na shinikizo la damu.

Tunaomba jambo moja lieleweke vizuri. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye picha si uvimbe. Kila kimoja hakifiki sentimita 1, na ndani yake mna yai changa. Mtu akikuambia una uvimbe mwingi kwenye kizazi na lazima usafishwe au upasuliwe haraka, omba maelezo ya daktari mwingine.

NJOONI WAWILI

Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu huwa na shida upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hiyo si haki mama kunywa dawa mwaka mzima wakati baba hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Baba hujizuia na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, kisha kipimo huchukuliwa. Wanandoa ambao dhamiri yao inasumbuka juu ya namna ya kuchukua kipimo waseme wazi kwa daktari, kwani zipo njia za kukipata kutokana na tendo la ndoa lenyewe.

Jambo jingine ni mirija. Utafiti wa WHO uliofanyika katika nchi nyingi kati ya mwaka 1979 na 1984 ulionyesha kuwa mirija kuziba kutokana na maambukizi kulionekana zaidi kwa wanawake wa Afrika kuliko kwa wale wa mabara mengine. Ikiwa uliwahi kupata maumivu makali ya chini ya tumbo pamoja na homa, uchafu wenye harufu, au homa baada ya kujifungua au kuharibikiwa mimba, mweleze daktari. Huenda akataka eksirei ya mirija kabla ya dawa. Yai likipevushwa huku mlango umefungwa, dawa zote zimepotea bure.

Je, mngoje muda gani kabla ya kuja? Kwa kawaida ni mwaka 1 wa kukaa pamoja bila kuzuia mimba, au miezi 6 kama mama ana miaka 35 au zaidi. Lakini mwenye hedhi inayopotea miezi asingoje. Aje mapema.

NGAZI YA MATIBABU

Matibabu ni kama ngazi. Hupandwa kwa kukanyaga kipande kimoja baada ya kingine, na wengi hupata mtoto kabla ya kufika juu.

Kipande cha kwanza: chakula na mwendo. Hiki ni cha wote, mnene na mwembamba, kwa sababu kinasaidia insulini. Kwa mama mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata kilo 5 kati ya kila 100 kunaweza kurudisha hedhi. Yaani mwenye kilo 80 akipunguza 4, tayari amefanya kitu. Hatusemi mtu afe njaa. Apunguze soda, chai yenye sukari nyingi, maandazi na chipsi. Ale ugali wa uwele au mtama usiokobolewa kwa kiasi, mlenda na mboga nyingine za majani, kunde, choroko na njugu mawe. Atembee kwa miguu hadi soko la Majengo badala ya kupanda bodaboda, au afanye kazi ya kutoa jasho kwa nusu saa karibu kila siku. Wako pia wenye hali hii ambao ni wembamba. Hao wasilazimishwe kupungua.

Tangu sasa mama aanze vidonge vya foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku. Dawa hii haileti mimba. Kazi yake ni kumkinga mtoto atakayekuja na kilema cha uti wa mgongo, nacho hutokea katika wiki za kwanza kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Wanandoa wakutane kila baada ya siku 2 au 3. Kuhesabu siku ya 14 hakufai kwa mwenye mzunguko usiotabirika. Wanaofuata njia ya ute waendelee kuandika, ila wajue kuwa katika hali hii ute unaweza kuonekana mara nyingi bila yai kutoka. Hata vile vijiti vya kupima mkojo vinaweza kudanganya.

Kipande cha pili: vidonge vya kupevusha yai. Dawa inayopendekezwa kwanza leo ni letrozoli. Humezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, baada ya kuhakikisha hakuna mimba. Wengine wakisoma karatasi ya ndani ya boksi huogopa, kwa kuwa wanakuta ni dawa ya saratani ya matiti. Ni kweli ilitengenezwa kwa kazi hiyo, lakini madaktari waligundua kuwa inasaidia pia yai kupevuka. Mtu asidhani amefichwa ugonjwa.

Dawa ya zamani zaidi ni klomifeni, iliyotumika tangu miaka ya 1960, na bado inafaa pale letrozoli inapokosekana. Mwaka 2014 ulitangazwa utafiti wa Marekani wa wanawake 750 wenye hali hii, waliotibiwa hadi mizunguko 5. Waliojifungua mtoto hai walikuwa karibu 28 katika kila 100 kwa letrozoli, na 19 katika kila 100 kwa klomifeni. Tazameni hesabu hiyo kwa macho mawili. Letrozoli ilishinda, lakini wapo wengi ambao hawakupata mtoto ndani ya miezi hiyo michache. Asiyepata mzunguko wa kwanza au wa pili hajashindwa, na hakuna sababu ya kukimbilia kwingine.

Dawa hizi zinaweza kuleta joto la ghafla mwilini, kichwa kuuma na uchovu. Kwa klomifeni, mama akianza kuona maluweluwe aache na arudi hospitali. Mapacha pia huongezeka. Kwa klomifeni ni mimba 5 hadi 10 katika kila 100, na kwa letrozoli ni chache zaidi.

Metfomini, dawa ya kisukari, husaidia insulini na inaweza kurudisha hedhi. Ikiwa peke yake haina nguvu kama zile mbili, lakini daktari anaweza kuichanganya na klomifeni. Huanzwa kidogo kidogo pamoja na chakula, kwa kuwa inaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha.

Kipande cha tatu: sindano za homoni au upasuaji mdogo. Sindano huamsha ovari moja kwa moja. Zinataka altrasaundi ya mara kwa mara na daktari bingwa, maana ovari inaweza kuamka kupita kiasi, tumbo likajaa maji, au mimba ikawa ya watoto watatu. Upasuaji hufanyika kwa darubini inayoingizwa kwa tundu dogo tumboni, na ovari huchomwa sehemu chache ili homoni za kiume zipungue. Wazo hili lina historia. Mwaka 1935 madaktari Stein na Leventhal wa Chicago, Marekani, waliandika habari za wanawake 7 waliokatwa kipande cha ovari. Wote hedhi yao ilirudi, na wawili wakapata mimba. Siku hizi vidonge hutangulia, na kisu huja baadaye kwa wachache.

Kipande cha juu: mimba ya maabara. Hapa yai na mbegu hukutanishwa nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kwa majirani zetu ilifanikiwa Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, na huduma hii ipo Dar es Salaam pia. Gharama yake ni kubwa, na haifaulu kila mara.

Wasomaji wetu watauliza Kanisa linasemaje. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 na ile ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 zinafundisha kuwa tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae matunda inakubalika, bali ile inayochukua nafasi ya tendo hilo haikubaliki. Kwa hiyo chakula, vidonge, sindano zilizosimamiwa vema na upasuaji vimo ndani ya mlango. Mimba ya maabara haimo. Tunasema haya waziwazi ili wanandoa wajue ni vipande vingi kiasi gani vya ngazi vilivyo halali, ambavyo wengi hawajavikanyaga. Na mtoto aliyezaliwa kwa njia yoyote ile asinyooshewe kidole na mtu. Yeye ni mtoto kama wengine.

MAMBO YA KUEPUKA

1. Usinunue klomifeni au letrozoli dukani kwa kuelekezwa na shoga. Huenda una mimba tayari, au mirija imeziba, au shida iko kwa baba.

2. Usiweke ukeni dawa za kusafisha kizazi. Kizazi hakihitaji kusafishwa kwa namna hiyo. Tumepokea kina mama waliokuja na vidonda na maambukizi.

3. Usiidharau hedhi inayopotea hata kama hutafuti mtoto. Ikipita zaidi ya siku 90 mara kwa mara, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa, na baada ya miaka hatari ya saratani huongezeka. Zipo dawa za kuiteremsha hedhi.

4. Usidhani pia kuwa huwezi kupata mimba. Yai linaweza kutoka siku usiyoitazamia.

MIMBA IKIINGIA, NA ISIPOINGIA

Mama mwenye hali hii akipata mimba aanze kliniki mapema, wala asingoje tumbo lionekane. Mimba yake ina uwezekano mkubwa zaidi wa kisukari na shinikizo la damu. Apimwe sukari, apimwe presha, na ajifungulie hospitali.

Kuna ambao watapanda vipande vyote vilivyo halali na mtoto asipatikane. Hatutawadanganya kwa maneno matamu. Tunawaambia tu kwamba ndoa yao ni ndoa kamili, na ukoo hauna haki ya kuivunja. Elkana hakumwacha Hana alipokuwa akidhihakiwa na Penina. Wako pia watoto wanaohitaji wazazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuasili mtoto kwa amri ya Mahakama Kuu, na safari huanzia ofisi ya Ustawi wa Jamii.

Ninyi mama wakwe, mashangazi na majirani, tunawaomba jambo moja. Msimwite mtu tasa. Mkitaka kumsaidia, mwulizeni kwa upole kama hedhi yake huja kila mwezi, kisha msindikizeni hospitali.

Yule fundi cherehani alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na mumewe. Kipimo cha baba kilikuwa kizuri na mirija ya mama ilikuwa wazi. Alianza kutembea na kupunguza sukari, na akapungua kilo 5. Hedhi ilianza kuja, lakini si kila mwezi, ndipo daktari akampa letrozoli. Mzunguko wa kwanza, wa pili na wa tatu haukuleta kitu. Mwezi wa tatu alilia sana, akasema atarudia mizizi yake. Mumewe akamwambia wamalize walichoanza. Katika mzunguko wa nne alipata mimba. Alijifungua mtoto wa kike, na siku alipomleta kwenye chanjo alikuja na kile kile kikapu. Ndani mlikuwa na nepi.

Wahenga walisema kawia ufike. Mwenzetu unayesubiri, andika tarehe za hedhi yako kuanzia mwezi huu, mchukue mwenzi wako, na mje wote wawili. Daftari hilo ndilo kipimo cha kwanza, nalo halina gharama.